Sahani ya sokoni Tabora: chakula cha wageni, jasho la wakulima

Ukifika soko kuu la Tabora saa saba mchana, njaa haikuachi ufikirie sana. Sufuria zinafuka moshi, na mama lishe anauliza, "Nikuwekee nini, baba?" Kuna wali maharage, wali nyama, pilau, ugali dagaa, ndizi, chapati na mchuzi. Wengi wetu tunaokuja mjini kutoka Sikonge, Uyui, Urambo, Kaliua, Nzega au Igunga, kwa hospitali, kesi, mbegu au mzigo wa kuuza, tunakula hapo kisha tunaendelea na safari.

Lakini sahani hiyo ina habari ndefu. Karibu kila kilichomo ndani yake kilifika kwa njia ile ile waliyoipita wapagazi, wafanyabiashara wa pembe na watumwa karne ya 19. Katika makala haya tunaeleza vyakula hivyo vilitoka wapi, nani hasa aliulisha mji huu, na msafiri wa leo aangalie nini anapokula sokoni.

Mji wa njia panda

Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara Waarabu kutoka Oman na Zanzibar, pamoja na Waswahili wa pwani, walikuwa wamejenga kituo chao katika nchi ya Unyanyembe, ndani ya Unyamwezi. Sehemu yao iliitwa Kazeh. Ndiyo Tabora ya leo.

Hapo njia iligawanyika. Aliyetoka Bagamoyo aliweza kuendelea magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika na kuvuka kwenda Manyema, Kongo ya leo. Aliweza pia kupinda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu na watumwa walishuka pwani, na vitambaa, shanga, nyaya za shaba na bunduki vilipanda bara.

Safari ya kutoka pwani hadi Tabora ilichukua miezi. Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Kazeh tarehe 7 Novemba. Baada ya mwendo wa namna hiyo, msafara haukupita tu. Ulikaa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, kutafuta wapagazi wapya na kurudisha nguvu. Kwa hiyo tangu mwanzo Tabora ilikuwa mji wa watu waliofika na njaa.

Muuza halwa wa Maskati

Aliyewapokea Burton na Speke alikuwa Mwarabu wa Oman aitwaye Snay bin Amir. Burton ameandika kwamba mtu huyo alianza maisha kama mtengenezaji wa vyakula vitamu mjini Maskati, akaja Afrika Mashariki, na baada ya miaka kadhaa akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pembe na watumwa. Hivyo mmoja wa wenyeji maarufu wa Tabora ya zamani alikuwa fundi wa jikoni kabla ya kuwa mfanyabiashara wa msafara.

Waarabu wa Tabora waliishi katika tembe kubwa, nyumba za udongo zenye paa bapa na ua katikati. Pembeni walilima bustani. Walipanda mpunga, ngano ya kumwagiliwa maji wakati wa kiangazi, vitunguu, na miti ya matunda kama embe, ndimu na komamanga. Miembe mikubwa unayoiona Tabora na vituo vingine vya njia hii, hadi Ujiji, ni alama ya njia hiyo.

Mwandishi Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1871, Waarabu walimtumia chakula cha kumkaribisha. Stanley alikiorodhesha: sinia kubwa la wali, bakuli la kuku wa bizari, mikate ya ngano, vitu vya unga vilivyokaangwa vikiwa bado vya moto, mapapai, makomamanga na ndimu. Nyuma yake wakaja watu wakiswaga ng'ombe 5, kondoo 8 na mbuzi 10.

Ukiondoa makomamanga, orodha hiyo inafanana sana na ile ya sokoni leo. Wali upo, mchuzi wa kuku upo, mikate ya ngano ipo kwa sura ya chapati, na vya kukaanga vipo kwa sura ya maandazi. Ilikuwa karamu ya Waarabu, leo ni chakula cha mchana cha mtu aliyekuja kuuza karanga.

Nani aliulisha msafara?

Vitabu vingi vya wasafiri vinamsifu aliyeleta sinia. Vinasema machache juu ya aliyelima na aliyepika. Hapo ndipo ilipo habari inayotuhusu zaidi.

Tufanye hesabu. Mpagazi alilipwa chakula cha siku kilichoitwa posho. Kwa kawaida kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, kipimo kinachokaribia robo tatu ya kilo. Kwa safari ya siku 90, mtu mmoja alihitaji karibu kilo 67 za nafaka. Mzigo wa biashara aliobeba kichwani au begani ulikuwa kama kilo 30. Asingeweza kubeba chakula chake mwenyewe, hata kama angeacha pembe nyumbani.

Sasa chukua msafara wa watu 300. Kila siku ulihitaji kilo 225 za nafaka. Kwa siku kumi ni zaidi ya magunia 22 ya kilo 100. Chakula hicho chote kilinunuliwa njiani kwa vitambaa, shanga na nyaya, kutoka kwa wakulima wa vijiji vya kandokando. Bila mtama na uwele wao, hakuna pembe ambayo ingefika Bagamoyo.

Ndiyo maana wasafiri waliiogopa Mgunda Mkali, nyika iliyokuwa kati ya Ugogo na Unyamwezi, maeneo ya Itigi na Manyoni kwa jina la leo. Hapakuwa na mashamba ya kutosha wala maji ya uhakika, na watu walianguka kwa njaa na kiu. Walipofika Tura, ambayo leo ni kata ya Wilaya ya Uyui, walijua wameingia Unyamwezi. Palikuwa na vijiji, na palikuwa na chakula cha kununua.

Neno posho lenyewe limesafiri. Kwetu bado lina maana ya malipo ya kujikimu safarini au kazini. Nchini Uganda limekuwa jina la ugali. Neno hongo nalo ni la njia hii. Lilikuwa ushuru uliolipwa kwa watemi ili msafara upite salama, na leo maana yake imegeuka kuwa rushwa.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wenyewe. Vijana waliondoka baada ya mavuno na kujitahidi kurudi kabla ya mvua za kupanda. Wakati wao wakiwa njiani, wanawake walibaki na jembe. Na ndani ya tembe za matajiri, waliotwanga, waliosaga na waliopika wengi walikuwa watumwa, hasa wanawake, baadhi yao waliotolewa Manyema na nchi nyingine za magharibi. Majina yao hayakuandikwa. Tunapokula wali wa nazi au kuku wa bizari tunasema ni mapishi ya Kiarabu au ya pwani, lakini mikono iliyoyafanya yawe mapishi ya Tabora ilikuwa ya watu hao.

Njia ilipofungwa

Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Unyanyembe methali hiyo ilijaribiwa kwa nguvu.

Mtemi Fundikira aliyewapokea Waarabu alifariki mwaka 1858. Mrithi wake, Mnywa Sere, alitaka wafanyabiashara walipe ushuru. Wakakataa, wakampindua kwa vita na kumsaidia Mkasiwa kukalia kiti. Mnywa Sere alipigana nao kwa miaka kadhaa msituni.

Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya Ujiji. Agosti mwaka huo alishambulia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu ya mji. Stanley alilazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji, ambako alimkuta David Livingstone. Vita vile viliendelea kwa takriban miaka mitano.

Livingstone alirudi na Stanley hadi Unyanyembe, akakaa Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, tangu Februari hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Tembe hilo leo ni makumbusho, na linaweza kutembelewa. Kwihara ni miongoni mwa vituo vya njia ya kati ya utumwa na pembe ambavyo Tanzania iliviweka mwaka 2006 katika orodha ya awali ya kuombewa hadhi ya urithi wa dunia, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji.

Kwa mkulima, somo la vita hivyo lilikuwa rahisi na chungu. Njia ikiwa wazi, walaji ni wengi na nafaka ina bei. Njia ikifungwa, mnunuzi hayupo, shamba linachomwa au linaachwa, na aliyeuza akiba yake yote kwa vitambaa anabaki na vitambaa. Kitambaa hakiliwi.

Reli yabadilisha chungu

Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1928 tawi la kaskazini likafika Mwanza. Kazi ya mpagazi wa masafa marefu ikaisha, na safari ya miezi ikawa ya siku.

Reli ilileta vitu ambavyo zamani vilikuwa vya matajiri: sukari, majani ya chai, unga wa ngano, mafuta na chumvi ya bei nafuu. Ilileta pia dagaa wa Kigoma, ambao ni wepesi na wakikauka vizuri hawaharibiki upesi. Ugali na dagaa, chakula ambacho mtu anaweza kukiona cha tangu enzi, kwa Tabora mjini ni chakula cha reli.

Stesheni nazo zikawa migahawa isiyo na kuta. Yeyote aliyesafiri reli ya kati anakumbuka Saranda, ambako kuku wa kukaanga huuzwa madirishani, na vituo ambavyo asali huletwa kwenye chupa na madumu. Mkulima wa kijiji cha kando ya reli anauza kwa msafiri, kama babu yake alivyouza mtama kwa msafara.

Sahani ya leo, kimoja baada ya kingine

Tukigawa vyakula vya sokoni kwa asili yake, tunapata makundi matatu.

*Vya wenyeji wa siku nyingi.* Mtama, uwele, ulezi, kunde, mlenda, asali ya misitu ya miombo na uyoga wa masika. Kabla ya mahindi kuenea, ugali wa Unyamwezi ulikuwa wa mtama au uwele.

*Vilivyotoka Amerika.* Mahindi, muhogo, viazi vitamu, karanga, maharage, nyanya na pilipili. Vilivuka bahari kwa meli, vikaingia bara kidogo kidogo. Kwa hiyo hata ugali wa mahindi tunaouita wetu ulikuwa mgeni. Lakini mgeni huyu alipewa jembe: wenyeji wamevifanya vyao. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga, ni ufundi wa hapa wa kuvuka kiangazi.

*Vilivyopita Bahari ya Hindi.* Wali, pilau, biriani, chapati, sambusa, mishkaki, halwa na embe. Majina yake yanaonyesha njia. Pilau, biriani na sambusa ni maneno ya asili ya Kiajemi. Chapati imetoka India. Pilau imesambaa mbali sana: Waturuki na Wakurdi, watu wa milima ya Uturuki, Iraki, Irani na Siria, nao wana wali wa jina hilo hilo, na nyama ya kuchoma kwenye vijiti kama mishkaki yetu. Mkurdi anayefungua mgahawa katika soko la mji wa ugenini huko Ulaya anafanya walichofanya wageni wa Kazeh: anapika cha kwao kwa kutumia kinacholimwa pale alipo.

Tofauti ni kwamba Tabora chakula cha mgeni kimezama hadi hakiitwi cha mgeni tena. Mpunga unalimwa kwenye majaruba ya Nzega, Igunga na Uyui. Wali wa pilau unaoliwa sokoni unaweza kuwa umevunwa na jirani yako.

Ukienda kula sokoni

Haya ni mambo machache ambayo msafiri anaweza kuyaangalia, hata akiwa na haraka.

Kwanza, angalia moto. Chakula kinachochotwa kutoka kwenye sufuria iliyo jikoni, kikiwa kinafuka, ni salama kuliko kilichopikwa asubuhi na kuachwa wazi. Wali na nyama vilivyopoa kwa saa nyingi huharibika hata kama havinuki.

Pili, angalia maji. Kunawa kwa maji yanayotiririka na sabuni ni bora kuliko beseni moja la watu wote. Kipindupindu na homa ya matumbo husambaa kwa maji na mikono michafu. Kama huna uhakika na maji ya kunywa, agiza chai au nunua ya chupa. Kachumbari ni tamu, lakini haipikwi, kwa hiyo usafi wake unategemea maji yaliyoioshea.

Tatu, uliza bei kabla ya kuwekewa. Sema pia unachotaka: wali maharage, wali nyama, au nusu sahani. Kuuliza si uchoyo wala si ugomvi. Kuomba kuongezewa mchuzi kidogo ni kawaida, kuongezewa nyama ni bei nyingine. Ukilipa kwa simu, soma jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri.

Nne, heshimu meza. Tabora ina Waislamu wengi, Wakristo wengi na wafuasi wa mila. Kula kwa mkono wa kulia, na usilete chakula au kinywaji cha nje bila kuuliza. Mwezi wa Ramadhani hoteli nyingi hufungwa mchana, lakini jioni utapata futari: uji, magimbi, muhogo, tambi na tende. Mtu akikwambia "karibu tule", unaweza kujibu "asante, kula tu" bila kumkosea.

Tano, uyoga wa msituni ununue kwa mtu anayejulikana kuuza uyoga. Uyoga wa sumu hauondolewi sumu kwa kuchemshwa.

Mkulima ananufaikaje?

Tunarudi kwenye hesabu ya kibaba. Mama lishe wa leo ananunua kila siku: mchele, unga, maharage, nyanya, vitunguu, karanga, kuni au mkaa. Yeye ndiye msafara uliokaa pale pale. Hahitaji shehena kubwa, anahitaji mtu anayeleta mzigo safi, kwa kipimo cha kweli, siku aliyosema. Mkulima anayemfahamu mama lishe mmoja au wawili ana soko lisilongoja msimu wa walanguzi.

Kuna vitu ambavyo soko lina nafasi navyo zaidi. Nsansa, michembe na matobolwa vilivyokaushwa kwa usafi, bila mchanga, havihitaji jokofu na vinakaa miezi. Watu wa Tabora waliohamia mijini wanavitamani. Asali iliyochujwa vizuri nayo ina wateja wa uhakika stesheni na kituo cha mabasi.

Lakini hesabu ya kwanza iwe ya nyumbani. Familia ya watu sita, kwa kibaba kimoja kila mtu kwa siku, inahitaji zaidi ya kilo 1,600 za nafaka kwa mwaka, yaani magunia 16 na ushee. Watoto wadogo hula pungufu, na muhogo na viazi hupunguza mzigo huo, ila ni vizuri kuijua namba kabla gari la mnunuzi halijafika kijijini. Wakulima wa njia ya misafara waliouza hadi ghala likabaki tupu walijifunza hivyo vita vilipokuja. Sisi tuna mvua zisizotabirika badala ya Mirambo, na ghala tupu ni lile lile.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Tabora ilipata wali, embe na chapati kutoka kwa wageni, na ililipa kwa jasho, na wengine kwa uhuru wao. Ukikaa kwenye benchi la sokoni na sahani mbele yako, mshukuru aliyepika, mlipe bei mliyopatana, na umuulize mchele ameupata wapi. Huenda ukasikia jina la kijiji chako.